Sura ya Sita: Dakika Nne za Edward Darvall

Swali la viungo huulizwa saa mbaya kuliko zote. Linamkuta baba kwenye korido ya hospitali, simu mkononi, bado hajui atamwambiaje mama mtu. Linamkuta mke ambaye asubuhi ileile alimwandalia mumewe chai. Daktari anaketi karibu nao, anasema kwamba hakuna tena matumaini, ananyamaza kidogo, kisha anauliza: je, mngekubali viungo vyake viwaokoe wengine?

Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 1967, familia ya Darvall ya Cape Town ilikuwa njiani kwenda kunywa chai kwa marafiki. Walisimama mtaa wa Observatory wanunue keki. Mama, Myrtle, na binti yake Denise, mfanyakazi wa benki mwenye umri wa miaka 25, walivuka barabara kwenda dukani. Baba, Edward, akabaki garini na mtoto wake wa kiume. Wanawake wale wawili walipokuwa wanarudi na keki yao, gari likawagonga. Myrtle alifariki palepale. Denise alikimbizwa Groote Schuur Hospital, fuvu likiwa limepasuka.

Usiku ule madaktari wawili walimwendea Edward Darvall. Mke wake amekufa, binti yake anapumua kwa mashine tu. Wakamweleza kwamba Denise hatapona, na kwamba ndani ya hospitali hiyohiyo kuna mfanyabiashara wa vyakula, Louis Washkansky, ambaye moyo wake umechoka kabisa. Wakamwambia pia kwamba akikataa, watamwelewa. Mzee yule alifikiri kwa dakika zipatazo nne. Baadaye alisimulia kilichomjia akilini: keki ya siku ya kuzaliwa ambayo Denise aliwahi kumwokea, na joho la kuvalia nyumbani alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kisha akawajibu kwamba kama binti yake hawezi kuokolewa, basi wajaribu kumwokoa mtu huyo.

Dunia inamkumbuka Christiaan Barnard, daktari aliyeongoza upasuaji alfajiri ya tarehe 3. Washkansky aliishi siku 18 na moyo wa Denise, akafa kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimeudhoofisha usiweze kupigana na maradhi. Figo ya Denise ilipewa mtoto wa miaka 10, Jonathan van Wyk, ambaye sheria za ubaguzi zilimwandika chotara na zilimkataza mambo mengi ambayo Denise aliruhusiwa. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1968, moyo wa kijana chotara, Clive Haupt, uliwekwa kifuani mwa daktari wa meno mzungu, Philip Blaiberg, naye akaishi nao zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Watu ambao serikali iliwatenga makazi, shule na hata ufuo wa bahari walikuwa wanabebana ndani ya mbavu.

Lakini mimi namrudia baba. Denise hakuwahi kumwambia nini kifanyike akifa ghafla. Binti wa miaka 25 anayekwenda kunywa chai hana sababu ya kusema hayo. Edward Darvall alilazimika kukisia matakwa ya mwanawe kutokana na keki na joho. Alikisia kwa upendo, na naamini alikisia sawa. Familia nyingi haziwezi. Wanapokosa hakika wanashika njia inayoonekana salama, ambayo ni kukataa, na wengine hubaki na mashaka kwa miaka: je, yeye angetaka nini?

Lipo jambo ambalo ndugu wengi hawaelezwi vizuri saa hiyo, nami nitalieleza taratibu. Moyo una umeme wake wenyewe, haungoji amri ya ubongo ili upige. Mtu ambaye ubongo wake umekufa wote, pamoja na shina lake linaloendesha pumzi, akiwa kwenye mashine ya kupumulia moyo wake huendelea kupiga kwa saa kadhaa, pengine kwa siku kadhaa. Ngozi ina joto. Kifua kinapanda na kushuka. Dada yake anayemshika mkono anaona mtu aliyelala usingizi, na anashangaa kusikia habari za kifo. Hali hiyo si koma. Aliye kwenye koma ubongo wake ungali hai na anaweza kuamka. Tofauti hupimwa palepale kitandani. Daktari anamulika mboni kwa tochi, anagusa jicho kwa pamba, anapitisha mrija kooni kuona kama atakohoa, anamimina maji baridi sikioni kuona kama macho yatasogea. Mwisho mashine ya pumzi huondolewa kwa dakika kadhaa huku oksijeni ikiendelea kupitishwa taratibu. Hewa ya ukaa inajaa kwenye damu, jambo ambalo humlazimisha kila mwenye uhai kuvuta pumzi, na madaktari wanaangalia kifua. Kisipojaribu hata mara moja, na vipimo vingine vyote vikasema hivyohivyo, mtu huyo amefariki. Wanaopima hawaruhusiwi kuwa miongoni mwa watakaopandikiza, na palipo na utaratibu mzuri ndugu wanaweza kusimama pembeni washuhudie.

Baada ya hapo saa ndiyo inayoamua. Moyo na mapafu vikishatolewa vina saa nne hadi sita hivi, ini lina zaidi kidogo, figo inaweza kungoja siku nzima katika barafu. Mtu mmoja anaweza kuwaokoa watu wanane kwa viungo vyake, na kuwasaidia wengine wengi kwa tishu: ngozi kwa aliyeungua moto, vali za moyo, mifupa, konea.

Nchi iliyolielewa swali hili kuliko nyingine ni Hispania. Sheria yake ya 1979 inasema kila raia huhesabiwa kuwa amekubali kuchangia viungo akifa, isipokuwa awe alikataa alipokuwa hai. Kwa miaka 10 sheria hiyo ilibaki kwenye karatasi. Mambo yalibadilika mwaka 1989, lilipoundwa shirika la taifa la upandikizaji chini ya Rafael Matesanz, daktari wa figo. Matesanz hakuigusa sheria. Aliweka katika kila hospitali yenye wagonjwa mahututi mtu mmoja wa kuratibu, mara nyingi daktari wa wodi hiyohiyo, akamfundisha kazi ambayo vyuo vya udaktari havikuwa vikiifundisha: namna ya kuketi na wafiwa. Habari ya kifo kwanza, peke yake, katika chumba chenye viti na mlango unaofungwa. Kisha kungoja. Familia ilie, iulize, imwone maiti wao, ielewe. Ndipo swali liulizwe, na familia ikisema hapana, wanaheshimiwa, ingawa sheria ingeruhusu vinginevyo. Hispania ilikuwa na wachangiaji 14 hivi kwa kila watu milioni moja. Leo imevuka 40, na kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa mbele ya dunia nzima. Familia zinazokataa huko ni chache.

Uingereza nayo ina fundisho lake. Sheria ya kumhesabu kila mtu mzima kuwa amekubali ilianza Wales mwaka 2015 na Uingereza yenyewe mwaka 2020, lakini madaktari wanaendelea kuzungumza na familia, na familia ambayo haijui marehemu alitaka nini bado husita. Ikijua, familia tisa katika kila kumi hukubali. Waswahili wanaoishi London au Leicester wana sababu ya ziada ya kulisikia hili. Tishu hulingana kwa urahisi zaidi baina ya watu wenye asili inayokaribiana, na kwa kuwa wachangiaji weusi huko ni wachache, wagonjwa weusi wa figo wamekuwa wakingoja kwa wastani muda mrefu kuliko wazungu.

Sasa nije kwetu, ambako neno kuchangia viungo huamsha hofu kabla halijaamsha huruma. Sitaki kuiita hofu hiyo ujinga. Bibi zetu wa pwani walikua wakionywa juu ya mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu ili itengenezwe dawa ya wakubwa. Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni waliogopwa wazimamoto kwa sababu hiyohiyo. Waliosimulia hayo walikuwa wanaishi chini ya serikali iliyochukua ardhi yao, jasho lao na watoto wao wa kupelekwa vitani, kwa hiyo haikuwa vigumu kuamini kwamba inachukua na damu. Halafu, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, magazeti ya Tanzania yalianza kuandika mfululizo habari za watu wenye ualbino waliouawa au kukatwa mikono kwa sababu ya imani za kishirikina, na kila mara habari zile zilitaja biashara ya viungo vya binadamu. Mtu aliyeyasoma hayo akiwa Mwanza au Shinyanga hatasikia maneno hayohayo yakitoka kwa daktari akaona ni sadaka. Na hivi sasa wapo madalali wanaowarubuni vijana maskini wauze figo, hapa kwetu na kwingineko, kinyume na sheria na kinyume na Azimio la Istanbul la 2008, ambalo wataalamu wa upandikizaji wa nchi nyingi walilitoa kupinga biashara hiyo.

Jibu la hofu za namna hii ni utaratibu ambao mwananchi anaweza kuukagua. Idhini iandikwe. Fedha isipite mkononi mwa mtu yeyote kwa ajili ya kiungo. Anayethibitisha kifo asiwe anayepandikiza. Hospitali ijulikane, iwe na kibali na kamati ya maadili, na iwe tayari kueleza ni viungo vingapi imepokea na vimekwenda wapi. Hospitali isiyoweza kujibu maswali hayo haistahili figo ya mtu, na mwananchi anayeyauliza haikwamishi kazi hii, anailinda.

Kazi yenyewe imeshaanza. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na Mulago ya Uganda mwishoni mwa 2023, mwaka uleule Uganda ilipopata sheria yake ya upandikizaji. Kenya ilitangulia kwa miaka mingi. Figo hizi hutoka kwa watu walio hai, hasa ndugu wa damu: mama kwa mwana, kaka kwa dada.

Anayetaka kuelewa kwa nini ndugu hufikia hatua hiyo aende akakae saa moja kwenye chumba cha kusafishia damu. Mgonjwa anapimwa uzito kwanza, kwa sababu maji aliyokunywa tangu siku ile ya mwisho yamo mwilini karibu yote na mashine ndiyo itakayoyatoa. Mkononi ana mshipa uliovimba, ulioungwa na ateri kwa upasuaji. Ukiugusa kwa kidole unatetemeka. Sindano mbili nene zinaingia hapo, moja inatoa damu, nyingine inairudisha, na kwa saa nne hivi haruhusiwi kuukunja mkono ule. Mara tatu kwa wiki, kila wiki, maisha yake yote. Chakula kina masharti: ndizi chache, mchicha uchemshwe na maji yake yamwagwe, na madafu, ambayo mtu wa pwani amelelewa kuyaona ni dawa, yana potasiamu inayoweza kuusimamisha moyo wake. Kiu ipo siku zote. Wengine humung'unya vipande vya barafu ili kinywa kisikauke. Fedha nazo zinakwisha: kiwanja kinauzwa, kisha ng'ombe, kisha michango ya ukoo inaanza kupungua mwezi hadi mwezi.

Figo moja inamtoa mtu kwenye kiti kile. Aliyeitoa hubaki na nyingine, ambayo huongezeka ukubwa kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Mchangiaji wa kwanza ambaye figo yake ilifanikiwa, Ronald Herrick wa Marekani, alimpa pacha wake Richard mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954. Richard alipata miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald mwenyewe alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Hatari haikosekani, kwa kuwa ni upasuaji, na ndiyo maana mchangiaji hupimwa sana: kundi la damu, shinikizo, sukari, ulinganifu wa tishu, hata hali ya nafsi yake. Lipo pia jambo la hekima ambalo ndugu wanapaswa kulijua. Anayepimwa akaona moyoni kwamba hawezi, ana haki ya kumwambia daktari faraghani, na familia itaambiwa tu kwamba hafai kuchangia. Hakuna anayepaswa kusukumwa kwenye meza ya upasuaji na kikao cha ukoo.

Viungo vya marehemu vinadai mashine za pumzi, maabara zinazofanya kazi usiku, na ndege au gari linalongoja. Konea haidai hivyo vyote. Ni kile kioo cha mbele cha jicho, chembamba kama nusu milimita, upana wake si zaidi ya milimita 12. Kwa kuwa haina mishipa ya damu, mwili haukimbilii kuikataa. Inaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, hata kwa mtu aliyefia nyumbani kitandani mwake, hata kwa mzee aliyevaa miwani miaka 40, kazi isiyochukua hata saa moja. Na ikihifadhiwa kwenye maji yake maalumu katika baridi, inaweza kungoja siku kadhaa. Wanaoihitaji ni kijana ambaye konea yake imechongoka hadi miwani haimfai tena, fundi aliyerukiwa na chokaa, mkulima aliyechomwa na mwiba kidonda kikaacha kovu jeupe. Eduard Zirm, wa mji wa Olomouc uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, alifanikiwa kupandikiza konea mwaka 1905, na mgonjwa wake alikuwa kibarua aliyepofushwa na chokaa.

Mtu niliyependa kusoma habari zake kuliko wote katika mambo haya ni Hudson Silva wa Sri Lanka. Mwaka 1958, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliandika gazetini akiwaomba wenzake watoe macho yao baada ya kufa. Mama yake alipofariki, alichukua konea zake zikampa macho mkulima maskini. Mwaka 1961 akaanzisha chama cha kuchangia macho pamoja na mke wake. Mwaka 1964 walituma macho ya kwanza nje ya nchi, Singapore, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Tangu hapo kisiwa kile, ambacho si tajiri, kimezipa nchi nyingi makumi ya maelfu ya konea. Hapa Afrika Mashariki konea nyingi tunazopandikiza hutoka ng'ambo, zikiletwa kwa ndege. Tunaona kwa macho ya marehemu wa watu wengine. Nashukuru kwa hilo, na linanitia haya pia, kwa kuwa watu wetu wanakufa kila siku na macho mazima.

Kuhusu dini, nitasema machache nilivyoyapata. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu viungo vya marehemu kupandikizwa kwa aliye hai mwenye dharura, kwa idhini ya marehemu mwenyewe kabla ya kufa au ya warithi wake, na likaharamisha kuviuza. Wanazuoni wale waliijua vizuri hadithi inayokataza kuvunja mfupa wa maiti. Waliipima na uhai wa mtu. Wapo wanazuoni wasiokubaliana nao, na Muislamu mwenye shaka amwendee shehe anayemwamini angali mzima. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alilisifu tendo hili katika waraka wake Evangelium Vitae wa 1995. Na kwa yeyote anayehofia heshima ya maiti: upasuaji hushonwa, kope hufungwa, mwili huoshwa na kukafiniwa au kuvishwa kama kawaida, na anayekuja kuaga haoni tofauti.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kuusia viungo vyake, kwa wosia wenyewe, kwa hati yenye mashahidi wawili, au hata kwa kauli tu mbele ya mashahidi wawili. Kauli mbele ya watu wawili ni jambo ambalo kila nyumba inaweza kulifanya jioni ya leo, wakati sahani zinaondolewa, hata pale ambapo hospitali ya karibu bado haina uwezo wa kuzipokea konea hizo. Uwezo utakuja haraka zaidi kwa taifa ambalo watu wake wameshasema. Sema waziwazi, taja viungo, taja pia usichotaka kiguswe, kwa sababu idhini ya nusu ni idhini halali. Mwambie mwenye sauti nyumbani, yule ambaye simu ya hospitali itamwendea.

Mimi niliwaambia ndugu zangu baada ya arubaini ya mjomba wetu, tulipokuwa bado tumekusanyika. Dada yangu mkubwa hakuuliza habari za dini wala za mumiani. Alitaka kujua mazishi yatachelewa kiasi gani. Nilimjibu kwamba kwa konea hayatachelewa, na kwa figo na moyo pengine siku moja. Akasema siku moja wanaweza kunisubiri. Kaka yetu alipinga, akasema mwili urudi ulivyotoka, tukabishana hadi usiku bila kukasirikiana, na hadi leo yeye ni hapana. Hapana yake nayo tunaijua, na siku ikifika tutaitii.